Ukitaka kuijua katiba, anza na ibara za uteuzi, sura ya haki isome mwisho

Mdau wa Katiba (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mjadala wa katiba ukianza, tunakimbilia sura ya haki. Uhuru wa maoni umo? Umo. Usawa mbele ya sheria? Umo. Basi, katiba nzuri. Mimi naona tunaanzia pasipo. Sura ya haki ndiyo nyepesi kuliko zote kuiandika, kwa sababu haimgharimu mtawala chochote siku anapoisaini. Kinachomgharimu ni zile ibara kavu ambazo hakuna anayezitaja jukwaani: nani anamteua jaji, nani anaweza kumwondoa na kwa utaratibu gani, mshahara wake unatoka fungu gani, hali ya hatari inatangazwa na nani na inakoma lini. Ukizisoma hizo kwanza, utajua kama yale maneno mazuri ya sura ya haki yana mtu wa kuyatetea.

Chukueni Katiba ya Umoja wa Kisovieti ya mwaka 1936. Ibara ya 125 iliahidi uhuru wa kusema, wa magazeti, wa mikutano na wa maandamano. Ibara ya 127 ilisema mtu hatakamatwa ila kwa uamuzi wa mahakama au kibali cha mwendesha mashtaka. Mwaka 1937 na 1938, wino wa katiba hiyo haujakauka, zaidi ya watu laki sita walipigwa risasi kwa makosa ya kisiasa, wengi wao kwa uamuzi wa kamati za watu watatu zilizokaa bila wakili na bila mshtakiwa kuwepo. Maandishi yalikuwepo. Aliyekosekana ni jaji ambaye angemwambia mkuu wa polisi wa siri "hapana" na kesho yake akarudi kazini.

Uingereza nayo ilipitia njia ndefu. Mwaka 1616 Mfalme James wa Kwanza alimwondoa Jaji Mkuu Edward Coke. Mfalme alitaka majaji wakubali kusimamisha kesi inayomhusu mpaka waongee naye kwanza. Wenzake wote walikubali, Coke akajibu kwamba kesi ikija atafanya linalompasa jaji kufanya. Siku hizo jaji alikaa kitini kwa ridhaa ya mfalme tu. Ilibidi kufika mwaka 1701 ndipo sheria ikasema jaji atashika nafasi yake maadamu ana mwenendo mwema, na kwamba ataondolewa kwa ombi la mabunge yote mawili. Miaka 85 kwa ajili ya sentensi moja! Wamarekani walipoandika katiba yao mwaka 1787 waliichukua sentensi hiyo na kuongeza nyingine: mshahara wa jaji hautapunguzwa akiwa kazini. Walielewa kwamba anayeshika posho ya jaji ameshika na kalamu yake.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote ni wa India, na huu naomba niueleze kwa kirefu.

Tarehe 25 Juni 1975 hali ya hatari ilitangazwa India, Indira Gandhi akiwa Waziri Mkuu. Wapinzani, waandishi na wanafunzi wakawekwa kizuizini bila mashtaka. Katiba ya India ina sura ya haki ndefu, na ibara ya 21 inalinda uhai na uhuru wa mtu. Mahakama Kuu za majimbo kadhaa zikasimama imara: hata kwenye hali ya hatari, aliyekamatwa ana haki ya kuuliza mahakamani kama amekamatwa kwa mujibu wa sheria. Serikali ikakata rufaa Mahakama ya Juu.

Wakati wa kusikiliza, Jaji H. R. Khanna alimuuliza mwanasheria mkuu wa serikali: polisi akimuua mtu kwa chuki zake binafsi, ndugu wa marehemu wana pa kwenda? Jibu lilikuwa kwamba kwa hoja ya serikali, muda wote hali ya hatari ikiwepo, hawana. Rudieni kuisoma hiyo. Hayo yalisemwa ndani ya mahakama, mchana kweupe, katika nchi yenye ibara ya 21.

Aprili 1976 majaji wanne kati ya watano waliipa serikali ushindi. Khanna peke yake alikataa. Januari 1977, kwa desturi ya kufuata ukubwa kazini, yeye ndiye aliyekuwa zamu ya kuwa Jaji Mkuu. Akarukwa, cheo akapewa Jaji M. H. Beg aliyekuwa nyuma yake, na ambaye alikuwa miongoni mwa wale wanne. Khanna akajiuzulu.

Sasa angalieni hapa. Kumruka Khanna hakukuvunja ibara hata moja. Katiba ilimpa Rais mamlaka ya kuteua, na kufuata ukubwa kazini kulikuwa desturi tu. Tundu lilikuwa kwenye ibara ya uteuzi na kwenye masharti ya hali ya hatari. Ndiyo maana mwaka 1978, baada ya Indira Gandhi kushindwa uchaguzi, marekebisho ya 44 hayakuongeza maneno matamu kwenye sura ya haki. Yaliondoa "machafuko ya ndani" kwenye sababu za kutangaza hali ya hatari, yakaweka "uasi wa kutumia silaha", na yakasema ibara za 20 na 21 hazisimamishwi kwa hali yoyote ile. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu yenyewe iliifuta hukumu ya 1976. Mmoja wa majaji walioifuta, D. Y. Chandrachud, ni mtoto wa mmoja wa wale wanne walioitoa.

Nawasilisha. Tupingane kwa hoja.

Nahodha wa Kusi

Mkuu, uzi mzito. Lakini Uingereza uliyoitaja haina hata katiba ya kitabu kimoja, na bado inaheshimu sheria kuliko nchi nyingi zenye katiba za kurasa mia mbili. Hilo halionyeshi kwamba kinacholinda ni tabia ya watu na viongozi, siyo ibara? Mpe mtawala mbaya ibara nzuri, atazipinda tu.

Mdau wa Katiba

Nahodha, hawana kitabu kimoja, kweli, ila ibara kavu wanazo tena za zamani. Sheria ya Haki ya mwaka 1689: mfalme hatozi kodi bila Bunge, na haweki jeshi la kudumu wakati wa amani bila Bunge. Hiyo ni pesa na bunduki, vitu viwili ambavyo mtawala mbaya anavihitaji kabla ya kitu kingine chochote. Halafu 1701, majaji. Tabia njema unayoisifu imejengwa juu ya hayo kwa miaka zaidi ya 300.

Na mwaka 2019 tuliona inavyofanya kazi. Serikali ya Boris Johnson ilifunga vikao vya Bunge kwa wiki tano wakati mjadala wa kutoka Umoja wa Ulaya umepamba moto. Tarehe 24 Septemba majaji wote 11 wa Mahakama ya Juu waliosikiliza kesi walisema ufungaji huo ni batili. Kesho yake Bunge likakaa. Johnson hakuipenda hukumu na alisema hivyo waziwazi, lakini hakuwa na njia ya kumfukuza hata mmoja wa wale 11. Tabia yake ilikuwa ileile ya juzi yake.

Sikatai kwamba watu wana uzito. Burkina Faso, Oktoba 2014, Blaise Compaoré alitaka kurekebisha ibara ya 37 aondoe ukomo wa urais baada ya miaka 27 madarakani, na kilichomzuia ni umati wa watu barabarani. Lakini taifa linalotegemea umati kila mara litazika vijana kila mara.

BintiMsomi

Naomba kuongezea ya Kenya, inaiunga mkono mada vizuri sana.

Mwaka 1986 marekebisho ya katiba yaliwaondolea ulinzi wa ajira Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mwaka 1988 wakafuata majaji. Na marekebisho hayohayo ya 1988 yakawaruhusu polisi kumshikilia mtuhumiwa wa kosa la adhabu ya kifo kwa siku 14 kabla ya kumfikisha mahakamani, badala ya saa 24. Ulinzi wa jaji na saa za mahabusu vilikwenda pamoja, kwenye waraka mmoja. Ulinzi wa majaji ulirudishwa mwaka 1990 baada ya kelele nyingi.

Katiba ya 2010 ikaja na somo hilo kichwani. Tume ya Utumishi wa Mahakama inawahoji waombaji, na wa nafasi ya Jaji Mkuu mwaka 2011 walihojiwa hadharani nchi nzima ikitazama. Jaji haondolewi bila baraza maalumu la uchunguzi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani, majaji wanne dhidi ya wawili. Mwaka 1988 hilo lisingewezekana hata kuliwaza.

Ila na hapo palikuwa na tundu. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majina 41 ya majaji, na Rais Kenyatta hakuyateua. Katiba ilisema atateua kwa kufuata mapendekezo, haikusema ndani ya siku ngapi. Juni 2021 aliteua 34 na kuwaacha wengine. Sita kati ya hao walioachwa waliteuliwa Septemba 2022 na Rais aliyemfuata. Kukosekana kwa idadi ya siku tu, wenzangu!

Mdau wa Katiba

BintiMsomi, hii ya siku 14 ni dhahabu. Anayetaka kuwagusa wananchi huanza na anayewalinda.

Mzee Rufaa

Nimesoma kwa utulivu. Nina swali ambalo wapenda mahakama hulikwepa. Nani amewachagua hao majaji? Watu mamilioni wanapanga foleni wanapiga kura, kisha watu wanne waliovaa majoho wanasema kura hizo si kitu. Ukimpa jaji ulinzi wa maisha, asiguswe mshahara, asiondolewe, unatengeneza mfalme mwingine asiyepigiwa kura. Tumemtoa simba mlangoni tukamfuga chui sebuleni.

Mdau wa Katiba

Mzee, swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Kwanza tazama mahakama ilichofanya kwenye kesi hizo. Kenya 2017 haikumpa urais mtu. Ilisema uchaguzi haukufuata katiba na sheria, urudiwe, na uliporudiwa Oktoba aliyetangazwa mshindi ni yuleyule. Malawi hali kadhalika: Februari 2020 majaji watano walibatilisha uchaguzi wa Mei 2019, ukarudiwa Juni 2020, na safari hii Lazarus Chakwera wa upinzani akashinda. Nchi mbili, matokeo mawili tofauti, na kote aliyeamua ni mpiga kura. Mahakama ilirudisha karatasi ya kura mikononi mwake.

Pili, hofu yako ina tiba, na tiba yenyewe imo kwenye ibara kavu hizohizo. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani: nusu ya majaji huchaguliwa na Bunge, nusu na baraza la majimbo, na kwa theluthi mbili, kwa hiyo chama kimoja peke yake ni vigumu kujaza watu wake. Muda wao ni miaka 12, hawaongezewi. Jaji asiyetegemea kuteuliwa tena hana wa kumfurahisha, na jaji anayejua siku yake ya kuondoka hageuki mfalme. Ulinzi wa ajira na ukomo vinakaa pamoja bila shida.

Kuhusu Malawi niongeze hili. Siku chache kabla ya uchaguzi wa marudio, serikali ilitangaza kwamba Jaji Mkuu Andrew Nyirenda aende likizo ya kusubiri kustaafu, mara moja. Mawakili na majaji waliandamana, na amri ya mahakama ikazuia. Serikali iliyokuwa inaelekea kupoteza uchaguzi ilijua mlango wa kwanza wa kugonga ni upi.

Kijito

Samahani naingia kwa upande mwingine kidogo. Mimi siyo mwanasiasa, kesi za urais ziko mbali nami. Mimi nataka kujua katiba inanisaidia nini nikiwa mgonjwa, nikifukuzwa kwenye nyumba, au nikikamatwa usiku. Mbona nyuzi za katiba haziongelei hayo?

Mdau wa Katiba

Kijito, usiombe samahani. Swali hili lilipaswa kuwa la kwanza kwenye uzi.

Afrika Kusini wana mfano mkubwa. Miaka ya mwanzo ya 2000 dawa ya nevirapine ilikuwa inapunguza sana uwezekano wa mama mwenye virusi vya UKIMWI kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Serikali ilikuwa inaitoa kwenye vituo vichache vya majaribio tu, hospitali nyingine za umma zimezuiwa. Wanaharakati wa tiba walikwenda mahakamani. Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamuru vizuizi viondolewe, dawa ipatikane kwenye hospitali na kliniki za umma inapohitajika kitabibu. Hiyo ni ibara ya 27 ya katiba, haki ya kupata huduma za afya. Kabla yake, mwaka 2000, kesi ya mama Irene Grootboom na majirani zake waliobomolewa vibanda vyao ililazimisha serikali ikubali kwamba mpango wa makazi usiowafikiria watu wasio na pa kulala leo hii haukidhi katiba. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2008 kabla hajapata nyumba ya kudumu. Nalitaja hilo kwa sababu hukumu na utekelezaji ni safari mbili, na ya pili ina urasimu wake, bajeti zake na maofisa wake wanaochelewesha.

Kuhusu kukamatwa usiku: katiba hiyo inasema ufikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, isizidi saa 48, na siku za mapumziko zina kanuni yake. Ibara ya 33 inakupa haki ya kudai sababu kwa maandishi pale ofisi ya umma inapokufanyia uamuzi unaoathiri haki zako. Hii watu hawaijui thamani yake. Ofisa akijua ataandika sababu na kuweka sahihi, hufikiri mara mbili.

Lakini rudi kwenye mada. Majaji walioiambia serikali itoe dawa waliwezaje? Rais wa Afrika Kusini huteua majaji wa mahakama hiyo kutoka kwenye orodha ya Tume ya Utumishi wa Mahakama yenye wanasheria, wabunge na majaji ndani yake. Dawa ya mtoto mchanga ilipitia kwenye ibara ya uteuzi.

Upeo

Tanzania pia tuna somo letu. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba ya 1977 mwaka 1984 tu. Mchungaji Christopher Mtikila akafungua kesi ya mgombea binafsi. Oktoba 1994, Jaji Lugakingira akakubaliana naye kwamba kumlazimisha mtu kuwa mwanachama wa chama ndipo agombee kunavunja haki yake. Kabla mwaka haujageuka, Bunge likapitisha marekebisho ya 11 kuizima hukumu. Mtikila akarudi tena, Mahakama Kuu ikampa tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la kisiasa, Bunge ndilo liamue. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikasema haki zake zimevunjwa. Miaka ishirini! Swali langu kwa mleta mada: Bunge likiwa na theluthi mbili, nini kinazuia lisifute kila kitu?

Mdau wa Katiba

Upeo, umegusa mahali ambapo nami nimepatafakari kwa muda mrefu.

Kuna nchi zimeweka uzio kwenye mamlaka ya kurekebisha. Ujerumani ni kwa sababu ya yaliyowapata. Katiba yao ya 1919 ilikuwa na haki nyingi za kuvutia, na pia ibara ya 48 iliyomruhusu Rais kusimamisha baadhi ya haki hizo kwa amri. Bunge liliweza kuifuta amri. Lakini Rais naye aliweza kulivunja Bunge, na Julai 1930 ndivyo ilivyokuwa: Bunge lilifuta amri, Rais Hindenburg akalivunja, amri ikarudi. Ibara ilisema sheria itatungwa kuweka mipaka ya mamlaka hayo. Haikutungwa. Februari 1933, siku moja baada ya jengo la Bunge kuungua, amri nyingine ikasimamisha uhuru wa mtu, wa magazeti na wa mikutano. Machi 23 Bunge, wabunge wa kikomunisti wakiwa wamezuiwa au wamekamatwa, likapiga kura 444 kwa 94 kumpa Hitler na serikali yake mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge. Kwa theluthi mbili, kama ulivyosema.

Kwa hiyo mwaka 1949 waliandika ibara ya 79 ibara ndogo ya 3: utu wa mwanadamu, demokrasia na mfumo wa shirikisho havirekebishwi kwa wingi wowote wa kura. India walifika palepale kupitia mahakama. Mwaka 1973, majaji saba dhidi ya sita, ilisemwa kwamba Bunge linaweza kurekebisha ibara yoyote ila haliwezi kuubomoa msingi wa katiba. Jaji mmoja tu ndiye aliyeamua mizani. Na mara moja baada ya hukumu hiyo, majaji watatu wakongwe walirukwa katika uteuzi wa Jaji Mkuu. Walikuwa upande wa wale saba. Ya Khanna haikuwa mara ya kwanza, ndiyo maana nasema ibara ya uteuzi ndiyo mzizi.

Mzee Rufaa

Nimekusoma. Bado sijaridhika na majaji kujipa mamlaka ya kusema msingi ni upi, lakini ukomo wa miaka 12 naununua. Na hali ya hatari ungependa iandikwe vipi?

Mdau wa Katiba

Mzee, ningeichukua ibara ya 37 ya Afrika Kusini karibu ilivyo. Tamko linadumu siku 21 tu. Baada ya hapo Bunge lazima liongeze, isizidi miezi mitatu kwa kila mara, mara ya kwanza kwa kura nyingi za wabunge wote, na zinazofuata kwa asilimia 60. Mahakama yoyote yenye mamlaka inaweza kuhoji uhalali wa tamko lenyewe. Na kuna jedwali linalotaja haki zisizoguswa kabisa, uhai na utu zikiwa juu. Hakuna sentensi ya kupigiwa makofi humo ndani, ni siku, asilimia na jedwali.

Sijagusa tume za uchaguzi, na najua humu kuna wanaozifahamu kuliko mimi. Mwenye ibara za nchi yoyote kuhusu namna makamishna wanavyopatikana na wanavyoondolewa aziweke hapa kama zilivyo, tuzisome moja moja.